Tukiondoka, Tuache Kisima au Tukifukie?



Katika toleo hili tumeona vema tuandike juu ya jambo lililoleta maneno mengi kati yetu tangu mwanzoni mwa mwaka 2025. Ni jambo la miti mitano na shamba moja. Wengine walitaka tulihubiri madhabahuni siku ya Jumapili. Tulikataa, kwa sababu katika mahubiri mtu mmoja husema na wengine huitika amina, na jambo hili linahitaji watu wajibizane. Basi lisomeni katika vyumba vyenu vya maombi, mshindane kwa upendo, kisha mtuambie tulipokosea.

Habari yenyewe ni hii. Ndugu yetu mmoja, baba wa watoto sita, alikuwa amemaliza mahojiano yote ya safari. Vipimo vya hospitali vilikuwa tayari, na tarehe ya ndege ikatoka: mwisho wa Januari 2025. Baada ya Noeli alikata miti yake mitano ya grevilea iliyosimama mpakani mwa shamba, akaichoma makaa. Akang'oa miche ya migomba, akaiuza. Hata nyasi kavu alizokuwa ametandaza chini ya migomba alizikusanya, akamuuzia mtu mwenye mbuzi. Jirani alimwuliza, "Baba, mbona unaliacha shamba uchi?" Akajibu, "Nilipanda mimi, ninavuna mimi. Anayekuja naye atapanda yake."

Kilichofuata wote mnakijua. Januari hiyohiyo nchi iliyokuwa iwapokee ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na safari za watu wengi zikafutwa. Ndugu yetu alibaki. Machi ilipofika alirudi kwenye shamba lile na jembe, na mvua kubwa ya kwanza ikashusha udongo wake hadi barabarani. Watu wakasema, "Mungu amemwadhibu."

Sisi hatukusema hivyo, wala leo hatusemi. Na kabla hatujaendelea inatupasa kukiri. Magunia mawili ya makaa yale tuliyanunua sisi, nyumbani kwa mchungaji. Bei ilikuwa nafuu, na tulijua yametoka kwenye miti ipi. Chai ya kikao cha wazee ilichemshwa kwa makaa hayo, na katika kikao hichohicho ndipo tulipoanza kumlaumu ndugu yetu. Basi anayeandika hapa hasemi kutoka juu mlimani. Yuko jikoni, kwenye moshi uleule.

MVUA SI ILE TULIYOFUNDISHWA

Wengi wetu tulijifunza kulima kwa wazazi wetu, huko Fizi, Uvira, Masisi, Rutshuru, na wengine Burundi na Rwanda. Mzazi alitazama mlima, akasikia upepo, akasema, "Wiki hii tupande." Na tulipanda, na mvua ilikuja. Elimu ile ilikuwa ya kweli kwa siku zake.

Hapa Isingiro tuna misimu miwili ya mvua: wa Machi hadi Mei, na wa Septemba hadi Novemba au Desemba. Tuko katika ukanda mkavu wa Uganda, ukanda wa wafugaji, na hata zamani mvua ya hapa ilikuwa haba kuliko ya milima yetu. Lakini wazee waliotangulia hapa wanasema zamani mtu aliweza kuitegemea. Sasa huchelewa, watu wakapanda kwa hofu. Ikija huja kwa hasira, ikabeba mbegu na udongo pamoja. Kisha hukatika wiki mbili au tatu, mara nyingi wakati mahindi yanatoa maua, na hapo ndipo hindi haliwezi kusamehe. Shamba linaonekana la kijani, lakini ukimenya gunzi unakuta punje chache kama meno ya mzee.

Wataalamu wanatoa sababu ambayo hata mtoto anaweza kuielewa. Hewa yenye joto hubeba maji mengi zaidi. Joto likiongezeka digrii moja, hewa inaweza kubeba takribani asilimia 7 zaidi ya mvuke. Kwa hiyo hunyonya unyevu wa udongo kwa nguvu zaidi siku za jua, na siku ya kuumwaga huumwaga kwa wingi. Kiangazi kikali na mafuriko ni watoto wa mama mmoja. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilitangaza kwamba 2024 ndio uliokuwa mwaka wa joto kuliko yote iliyokuwa imepimwa, takribani digrii 1.55 juu ya joto la miaka ya 1850 hadi 1900.

Nasi tumeona pia nguvu ya maji yanapokuta mteremko usio na kitu cha kuyashika. Mei 2023, huko Kalehe, Kivu Kusini, mafuriko na maporomoko yalipiga vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, na watu zaidi ya 400 walikufa. Baadhi yetu tulikaa matanga hapa kwa ajili ya jamaa zetu wa kule. Si hoja ya vitabu tu, wapendwa.

MAJIBU YA JEMBE

Mkulima hakai akingojea mikutano ya wakubwa. Tayari anajibu kwa jembe, na tukizunguka vijijini mwetu tunaona majibu mengi yenye akili.

Wako waliogawanya shamba: sehemu wanapanda mvua ya kwanza inapogusa, sehemu wiki mbili baadaye, ili kiangazi cha katikati kisikute mimea yote katika umri mmoja. Wako walioacha mahindi ya muda mrefu wakachukua yanayokomaa mapema. Wengine wamerudia mihogo na viazi vitamu, kwa kuwa muhogo huweza kungojea mvua chini ya ardhi wakati hindi limeshakufa. Tangu viwavijeshi vamizi vilipoingia Uganda, vikathibitishwa mwaka 2017, wako wasioamini tena shamba la mahindi peke yake. Wanachanganya na maharage, maboga na lengalenga. Mhubiri sura ya 11 anashauri mtu aigawe sehemu yake kwa saba, hata kwa nane, kwa maana hajui ni balaa gani litakuja. Mama zetu wanalifanya neno hilo kwa mikono yao, hata wale ambao hawajalisoma.

Tena wako wanaotunza udongo wenyewe. Wanachimba mitaro ya kukinga maji kukatisha mteremko. Hawachomi tena mabua, wanayaacha yaoze. Wanatandaza nyasi chini ya migomba ili jua lisikaushe ardhi. Wanaozesha maganda na majivu ya jikoni pamoja na mavi ya mbuzi kuwa mboji. Wanapanda miti mipakani ili ipunguze upepo na ishike udongo. Udongo wenye mboji hushika maji kama sifongo. Sisi tusio na mabwawa wala mabomba ya kumwagilia, udongo ndio tangi letu la pekee.

Lakini si kila jibu ni la namna moja. Yako majibu yanayotua mzigo, na yako yanayoutua kwetu na kumtwika jirani. Mtu anayelima hadi ukingoni mwa ziwa au ndani ya kinamasi anapata unyevu mwaka huu. Lakini kinamasi ndicho kinachochuja na kutunza maji yanayofika Ziwa Nakivale, na maji ya ziwa hilo ndiyo yanayosafishwa tukanywa. Anayekata mti kwa makaa anapata unga wa wiki mbili, na mwenzake wa bondeni anapata mafuriko. Hili nalo ni jibu kwa ukame. Ni jibu la mtu mwenye njaa. Ila mwingine ndiye anayelilipia.

SWALI LENYEWE: SHAMBA HILI SI LETU

Hapa ndipo tunafika kwenye jambo la ndugu yetu.

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 na kanuni zake za 2010 zinatupa nafasi ya kulima ardhi tuliyoonyeshwa, lakini hatuna ruhusa ya kuiuza wala kuikodisha. Wengi wetu tuna kipande cha mita 30 kwa 30, na wako waliofika karibuni wenye pungufu ya hapo. Tukienda, shamba linarudi mikononi mwa serikali, akapewa mwingine.

Sasa angalieni hesabu ya muda. Mahindi na maharage humlipa mkulima katika miezi mitatu au minne. Mtaro, mboji na matandazo huanza kulipa vizuri baada ya misimu kadhaa. Mti wa grevilea ni kazi ya miaka. Basi dawa ile inayohitajiwa zaidi na mvua hizi za sasa ndiyo inayochelewa kulipa. Na mkimbizi huhesabu kwa mwezi: mgao wa mwezi huu, simu ya mwezi huu, jina kwenye ubao mwezi huu. Je, mtu anayengojea ndege ana wajibu wowote kwa udongo ambao hatauona tena?

Tulimwalika ndugu yetu kwenye kikao cha wazee. Hatukumwita kumhukumu, tulitaka kumsikia. Alisema maneno ambayo bado yako masikioni mwetu. Alisema, "Wazee wangu, kule Fizi niliacha michikichi ya baba yangu, na miembe, na migomba isiyohesabika. Nani anakula leo? Watu nisiowajua, na wengine wao ndio walionifukuza. Nilipofika hapa nilionyeshwa mawe na miiba. Hakuna aliyeniachia hata mti mmoja wa kivuli. Sasa mnaniambia niwaachie tena watu nisiowajua? Mimi nimeshaacha vya kutosha."

Kikao kilinyamaza. Mzee mmoja alilia. Sisi hatukuwa na jibu siku ile, tukafunga kwa maombi.

MAJIBU MATATU YASIYOTOSHA

Tangu siku ile tumesikia watu wakimjibu kwa njia tatu. Tumezipima zote tatu, na tunaona hazitoshi.

Jibu la kwanza: "Angetunza shamba, maana ona, amerudi." Ni kweli kwamba alirudi. Lakini jibu hili linasema tu kwamba alikosea hesabu. Kama ndege ingeondoka, je, kitendo chake kingekuwa chema? Wako waliofanya vilevile wakaruka salama, na mjane aliyepewa shamba lao alilia peke yake bila mtu kumwona. Haki haiwezi kutegemea ratiba ya ndege.

Jibu la pili: "Ni adhabu ya Mungu." Watu wangapi walifutiwa safari Januari ile? Wako walioacha mashamba yao mazuri, wakauza tu sufuria na magodoro, nao wakabaki. Kama ile ni adhabu, wao waliadhibiwa kwa kosa gani? Na tukisema ukame ni adhabu ya dhambi za wanakambi, tutaeleza nini kuhusu mama anayeomba saa tisa usiku na mahindi yake yamekauka sawa na ya mlevi? Yesu alifundisha kwamba Baba huwanyeshea mvua wenye haki na wasio haki. Tusiwe wepesi kusoma moyo wa Mungu kwenye mawingu.

Jibu la tatu husemwa na vijana wetu waliosoma: "Hatukuharibu sisi hewa hii. Walioharibu ndio watengeneze." Hili lina ukweli mkubwa, wala hatutaki kulipunguza. Afrika yote kwa pamoja hutoa takribani asilimia 4 tu ya hewa chafu ya dunia inayoongeza joto, na mkulima wa jembe wa Nakivale mchango wake ni kama tone ziwani. Ni haki kudai. Mwaka 2022, katika mkutano wa Sharm el-Sheikh kule Misri, mataifa yalikubaliana kuanzisha mfuko wa kuzisaidia nchi zilizoumizwa na mabadiliko haya. Ahadi hiyo ni deni, na deni hudaiwa.

Lakini wapendwa, wajibu hauzaliwi na kosa peke yake. Katika Luka 10, Msamaria hakumpiga yule mtu aliyelala njiani. Wanyang'anyi ndio waliompiga, nao walikuwa na deni. Msamaria alikuwa na wajibu kwa sababu alipita pale na mafuta mkononi. Nasi tunapita hapa na jembe mkononi. Aliyeuchafua upepo ana deni lake kwa Mungu na kwa watu. Hilo halimfanyi jirani yangu wa bondeni akome kuwa jirani yangu.

ISAKA, MKULIMA MGENI

Tulipokuwa tukitafuta jibu tulifungua Mwanzo sura ya 26, sura tuliyoifundisha mara nyingi kwenye chuo cha Biblia bila kuiona. Tuliisoma kama habari ya baraka, na kweli ni habari ya baraka. Lakini safari hii tuliisoma kama wakulima.

Isaka alihama kwa sababu ya njaa. Alikaa Gerari, nchi isiyo yake, chini ya mfalme asiye wa kabila lake. Alipanda mbegu katika nchi ile na akavuna. Alipofanikiwa watu walimwonea wivu, na mfalme akamwambia aondoke. Visima alivyovichimba baba yake Ibrahimu vilikuwa vimefukiwa kwa udongo na Wafilisti. Nani kati yetu haijui habari hii? Njaa, nchi ya watu, wivu, kufukuzwa, na mali ya baba iliyoharibiwa na watu wengine. Huyu ni mtu wetu.

Sasa tazameni alichofanya. Alivichimba tena visima vile. Kisha watumishi wake wakachimba kisima kipya bondeni, wakapata maji ya kububujika. Wachungaji wa Gerari wakagombana nao, wakasema maji ni yao. Isaka akakiita Eseki, yaani ugomvi, akakiacha. Wakachimba cha pili, wakakigombania nacho. Akakiita Sitna, yaani uadui, akakiacha. Cha tatu hawakukigombania, akakiita Rehobothi, yaani nafasi.

Tulisoma mara tatu tukitafuta mstari unaosema Isaka alikifukia Eseki kabla ya kuondoka. Haupo. Alikuwa na kila sababu. Visima vya baba yake vilikuwa vimefukiwa, angeweza kusema, "Nami nitafukia." Alikuwa amechimba kwa jasho la watu wake, angeweza kusema, "Nilichimba mimi, nakunywa mimi." Aliyafahamu hata majina ya maadui waliokuwa wanywe. Aliviacha visima viwili wazi, vikiwa na maji, mikononi mwa watu waliomfukuza.

Hapa ndipo tunapoona jibu kwa ndugu yetu, na tunalileta kwa unyenyekevu. Alisema alipofika alikuta mawe. Kweli, alifika mahali ambapo kisima kilikuwa kimefukiwa. Mtu aliyefukiwa kisima ana njia mbili tu. Anaweza kuupitisha uovu ule kwa anayemfuata, ukaendelea safari yake. Au unaweza kufika kwake ukakoma. Kila mkimbizi anajua jinsi uovu unavyosafiri: kijiji kinachoma kijiji, na waliochomewa wanachoma kingine. Udongo nao husafirisha uovu kwa njia hiyohiyo, polepole, shamba kwa shamba. Anayefika akakuta shamba uchi huliacha uchi zaidi.

Na je, kweli hatukukuta kitu? Wakimbizi wa kwanza walifika hapa mwishoni mwa miaka ya 1950, na tangu hapo nchi hii imewapokea watu wa mataifa mengi bila kuwauzia ardhi. Wenyeji wa Isingiro nao wanakaukiwa na mvua ileile, na ng'ombe wao hutafuta majani yaleyale. Mawe tuliyoonyeshwa yalikuwa mawe, lakini tulionyeshwa bure. Hicho nacho ni kisima ambacho sisi hatukukichimba.

Mambo ya Walawi 25 inakwenda mbali zaidi. Mungu anawaambia Waisraeli, watu wenye nchi yao wenyewe, kwamba ardhi ni yake, na wao ni wageni na wapitaji mbele zake. Maana yake hata mwenye hati ni mpangaji. Tofauti ya mkimbizi na mwenye nchi ni kwamba mkimbizi anajua. Basi swali la "kwa nini nitunze kisicho changu?" linamhusu kila mtu aliye hai, hata mkulima mkubwa wa Ulaya. Hakuna anayelima udongo wake. Kila mmoja analima kati ya aliyemtangulia na anayemfuata.

ANAYESEMA "USIKATE" NAYE ABEBE

Tukiishia hapo tutakuwa tumesema kweli nusu, na kweli nusu mdomoni mwa mchungaji ni hatari. Ni rahisi kumwambia maskini apende kizazi kijacho. Mgao wa chakula ulipopunguzwa mwaka 2020, ukapunguzwa tena 2021, tuliwaona akina mama wakipika maharage waliyoyatunza kwa mbegu. Je, walitenda dhambi? Hasha. Mtoto anayelia leo hawezi kulishwa kwa mavuno ya Desemba. Mbegu iliyoliwa na mtoto mwenye njaa haikupotea.

Lakini tulikumbuka mjane wa Sarepta katika 1 Wafalme 17. Kiangazi kilikuwa kimeikausha nchi, naye alikuwa amebakiza konzi ya unga na mafuta kidogo. Eliya alimwomba ampikie kwanza yeye. Ombi zito sana! Mtu anaweza kuliita ukatili. Lakini Eliya hakuomba kisha akaenda zake. Alikaa katika nyumba ile, akala katika pipa lilelile, siku nyingi, na kama unga ungekwisha angelala njaa pamoja nao. Anayemwomba mwenye njaa asile mbegu, asikate mti, lazima akae katika nyumba hiyo.

Sisi hatukukaa. Ndugu yetu alikuwa na watoto sita, alikuwa akihitaji nguo na mabegi ya safari, na hakuna aliyemwuliza, "Baba, miti hii ingekupa shilingi ngapi? Tuchange, tukupe, uiache." Tungeweza. Badala yake tulingoja makaa yawe tayari, tukayanunua kwa bei ya chini. Kama kuna aliyefukia kisima, jembe lile lilishikwa na watu wengi, na mpini wake ulikuwa mkononi mwetu.

TUMEKUBALIANA NINI

Baada ya maombi na mashauri, kikao cha wazee pamoja na umoja wa akina mama kimekubaliana haya:

1. Kila mavuno, mwenye uwezo atatoa kikombe cha mbegu za maharage au mahindi kama sadaka. Zitakaushwa vizuri na kutunzwa na akina mama. Aliyelazimika kula mbegu zake atapewa bila kuulizwa maswali, na atarudisha akivuna.

2. Familia inayosafiri itatuambia mapema. Kanisa litatoa mchango wa safari kadiri ya uwezo, nayo itaacha miti, mitaro na migomba ikiwa hai kwa atakayefuata, awe wa kanisa letu au la, awe wa kabila letu au la.

3. Vijana watachimba mitaro kwa zamu, wakianza na mashamba ya wajane na wazee yaliyoko juu mteremkoni, kwa sababu maji yakizuiliwa juu, wa chini nao wanapona.

4. Nyumba ya mchungaji haitanunua makaa ya mti ulio hai. Mkiona tumenunua, tuulizeni mbele za watu.

Haya ni mambo madogo. Hayatapunguza joto la dunia hata chembe. Lakini Yeremia aliwaandikia watu wetu wa zamani, mateka kule Babeli, wapande bustani na kuutafuta wema wa mji waliohamishiwa, ingawa aliwaambia wazi kwamba safari ya kurudi ingechukua miaka 70. Wengi wa waliopanda bustani zile walikufa kabla ya safari hiyo, na matunda yake yaliliwa na wengine.

Tunafunga na habari moja zaidi. Mnamkumbuka yule nyanya yetu aliyekwenda Kanada mwaka 2019. Siku ya kuondoka, gari likiwa linapiga honi, alikuwa bado shambani na gauni lake jipya, akitandaza nyasi chini ya migomba. Tulimcheka. "Nyanya, ndizi hizi utazila kwa simu?" Hakujibu, alimaliza mstari wake, akanawa mikono, akapanda gari. Shamba lile alipewa mjane mwenye watoto wanne, na hadi leo wanakula.

Mwezi wa tisa 2025, mvua ilipoanza, mjane huyo alituma mtoto kwa ndugu yetu wa miti mitano. Ujumbe ulikuwa mfupi: aje na jembe, migomba imezaa watoto wengi. Alikuja asubuhi. Alichimbua miche saba, akaifunga kwa kamba, akasimama kidogo akitazama shamba, kisha akauliza nyanya yule aliitwa nani. Mjane akasema hamjui. Alilikuta shamba hivi.

Ndugu yetu ametupa ruhusa ya kuandika haya. Ametuomba tuongeze jambo moja: kwamba miche miwili imekufa, mitano imeshika.

Bwana aliye mwenye shamba awape mvua kwa wakati wake, na mikono ya kuishika inaponyesha. Neema na amani ziwe nanyi nyote.

Ni sisi, watumishi wenzenu katika shamba la Bwana.